Sio seli moja, ni kikosi

Asante mwandishi kwa habari hii ya majaribio ya tiba ya saratani kwa panya wa maabara. Ila umeandika "seli ya kinga inaua uvimbe" kana kwamba ni seli moja, na utamu wote uko hapo ulipopita haraka. Seli za dendriti, walinzi wa doria wa kinga, huokota vipande vya saratani, huvipeleka kwenye tezi za limfu na kuvionyesha kwa seli T, askari wa kinga. Seli T saidizi, ziitwazo CD4, ndizo zinazozipa nguvu seli T za kuua, ziitwazo CD8. Panya akiondolewa zile saidizi, mara nyingi zile za kuua huchoka mapema na uvimbe hukua. Sisi wa Mwanza tunawajua wavuvi wa dagaa: taa isipokusanya dagaa, wenye wavu wanavuta maji.

Nimemuuguza mama mdogo mwenye saratani, nasoma haya kwa moyo wote. Mwanasayansi wa Marekani James Allison alichapisha matokeo yake ya kutibu saratani ya panya kwa kutumia kinga mwaka 1996. Dawa iliyotokana nayo iliidhinishwa Marekani 2011. Miaka 15! Tafadhali andika pia kwamba safari ya kutoka panya hadi dawa ni ndefu, wagonjwa wasiache matibabu wakisubiri tiba hii.