Wiki Hiyo ya Nani?

Miezi michache baada ya kutetea tasnifu yangu ya uzamivu, makala yangu ya kwanza ilitoka katika jarida la nje linalomtoza msomaji zaidi ya dola 30 kwa makala moja. Wakulima wa mwani wa Wilaya ya Micheweni, Pemba, ambao ndio walionipa kila takwimu iliyomo humo, wasingeisoma hata kama wangekuwa na fedha hizo, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaaluma ambacho hata mimi hukisoma mara mbili.

Nilirudi kwao mwaka mmoja baadaye, na nakiri kwamba kilichonisukuma kilikuwa aibu, wala si utaratibu wa chuo. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa ule, alituitishia kikao barazani pake, nami nikatandaza karatasi kubwa nilizoziandika kwa kalamu nene. Nilipofika kwenye jedwali lililoonesha kwamba mkulima huingia shambani wastani wa siku tatu kwa wiki, bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili wa mkeka aliniuliza bila ya kuinua macho: "Mwanangu, wiki hiyo ya nani? Sisi twenda na maji." Wenziwe wakacheka.

Alikuwa na haki. Mwani wa maji mafupi hushughulikiwa wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na vigingi vikafikika kwa miguu. Yakija maji mafu, yasiyokupwa mbali, wanawake hurudi kwenye makonde na ukili wao. Wastani wangu, basi, ulieleza wiki ambayo hakuna aliyeiishi, kwani wiki moja wao huenda kila siku na inayofuata hawaendi kabisa. Baya zaidi, juu ya wastani huo nilikuwa nimejenga hitimisho kwamba wana nafasi ya kuhudhuria mafunzo kila wiki. Neno bamvu nimelijua tangu utotoni, ingawa ni mtoto wa Ng'ambo, mjini Unguja, lakini hojaji niliiazima kutoka utafiti wa nchi ambako kazi hupimwa kwa Jumatatu na Ijumaa, na si msimamizi, si watahini, si wahakiki wa jarida aliyeuliza swali la yule bibi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoona kurejesha matokeo kwa wananchi kuwa ni hisani ya mwisho, kitu cha kupigiwa picha baada ya joho. Kwa maoni yangu ni sehemu ya kuthibitisha data, na mahali pake ni kabla ya tasnifu kuwasilishwa, ilhali bado inarekebishika. Yangu ilikuwa imeshafungwa. Kosa nimelisahihisha katika makala ya pili, ambayo bila shaka itasomwa na wachache zaidi.

Wapo wenzangu wanaohofia kwamba watu wataomba yafutwe yasiyowapendeza. Hofu hiyo ina msingi, lakini kusikiliza si kutii: pale wanapopinga, mtafiti aandike kwamba wamepinga na kwa sababu gani, kisha mtahini apime mwenyewe.

Kuyatayarisha maelezo yale kwa Kiswahili pia kulinifunza jambo ambalo sikulitarajia. Katika sura ya pili kulikuwa na aya ndefu ambayo nilishindwa kabisa kuieleza, na kwa siku mbili nikailaumu lugha kwa kukosa istilahi. Baadaye niligundua kwamba aya yenyewe haikuwa na kitu ndani.

Katika bajeti ya mradi wangu wa sasa nimeweka nauli ya boti ya kwenda Pemba mara mbili, moja ya kukusanya data na moja ya kuirejesha. Kamati iliikata safari ya pili na kuandika pembeni "si ya lazima". Nimeirudisha, na safari hii tarehe zake nimezipanga wakati wa maji mafu.