Kitoka nyumba na daftari la shangazi

Shangazi yangu alipewa talaka baada ya miaka 19 ya ndoa. Alitoka na sanduku, cherehani na daftari la shule. Daftarini ameandika kwa penseli: saruji mifuko 3, bati 5, fundi kalipwa nusu. Zote hizo ni fedha za vitumbua vyake vya alfajiri. Risiti za dukani zina jina la mume, maana yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kununua. Kadhi alimsikiliza kwa upole, akaamuru apewe kitoka nyumba, yaani kiliwazo cha mke aliyeachwa, na nyumba ikabaki kwa mwenye risiti.

Nasoma Ulaya mwaka wa pili sasa. Kwenye semina tulizungumzia habari za Amina Wadud, msomi wa Kiislamu wa Marekani aliyesalisha Ijumaa wanaume kwa wanawake mjini New York, Machi 2005. Wenzangu walidhani hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Namheshimu Wadud, maandishi yake ya mwaka 1992 yalinifungua macho kwamba Qurani ni ya Mungu, lakini tafsiri ni kazi ya binadamu. Ila Unguja sijakutana na mwanamke anayelilia mimbari. Wanaolilia matofali yao nimekutana nao wengi.

Nyumbani ukitaja ufeministi wa Kiislamu, yaani kudai haki za wanawake kwa hoja za dini yenyewe, masheikh wengi wanakunja uso, na si haki kuwaita wajinga. Wanasema mwanamke wa Kiislamu alimiliki mali yake karne nyingi kabla ya Waingereza kutunga sheria zao za 1870 na 1882 za mali ya mke. Matumizi ya nyumba ni juu ya mume, hata mke awe tajiri kuliko yeye. Ukidai mali igawanywe nusu kwa nusu, basi na duka la mke litagawanywa, na dhahabu yake pia. Hoja hii nzito, na mimi naikubali. Sitaki kumwona mume aliyeshinda barazani akidai nusu ya jasho la mkewe.

Lakini mali zikitenganishwa, zitenganishwe pande zote mbili. Aya ya 32 ya Suratun Nisaa inawapa wanaume sehemu ya walichochuma, na wanawake sehemu ya walichochuma. Zaidi ya hapo, wanazuoni wa Shafii, madhehebu yetu ya pwani, wameandika kwamba kupika, kufua na kusaga si wajibu wa mke. Siku niliyoyasoma hayo maktabani nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu, nikimfikiria bibi yangu na kinu chake. Atatokea wa kunijibu kwamba hiyo ni ihsani, wema wa hiari, na ihsani haidaiwi. Kwa chai na wali, sawa. Saruji je?

Wala hatutakuwa wa kwanza. Mafakihi, wanazuoni wa sheria, wa Sous, kusini mwa Moroko, tangu zamani walimhesabia mke fungu kwa kadiri ya kazi yake shambani, na sheria ya familia ya nchi hiyo ya 2004 inawaruhusu mume na mke kuandikiana mkataba wa mali watakayoichuma; usipokuwepo, jaji huangalia kazi na juhudi za kila mmoja. Tanzania Bara, Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango, ingawa rufaa yake mwenyewe ilikataliwa. Kwetu Zanzibar, sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imefungua mlango kwa mwenye mchango. Tatizo ni kuuthibitisha, na hapo tunarudi kwenye risiti.

Ndiyo maana naona mahali pa kuanzia ni siku ya nikahi, mashahidi wakiwa wamekaa, iandikwe nani atachuma nini kwa jina la nani. Nilipomwambia mama kwenye simu, alishtuka: "Mwanangu, utaiombea ndoa mkosi!" Simlaumu. Bibi harusi gani atathubutu kuyasema hayo mbele ya wakwe?

Shangazi anajenga tena, chumba na ukumbi, huko Mwera. Kila akinunua saruji anasimama kaunta mpaka muuzaji aandike jina lake, la baba yake na la babu yake.