Kiti cha Nyuma: Kumpakia Mgeni kutoka Moshi hadi Pangani, Twende au Tusiende?

Majuma machache yaliyopita kijana mmoja wa kijiwe cha bodaboda cha jirani na kipilefti ya YMCA hapa Moshi aliniletea karatasi nimsahihishie. Yeye na wenzake wawili wanataka kuanzisha safari ya siku tano kwa pikipiki. Mgeni anapakiwa Moshi, wanashuka na njia ya Mwanga, Same, Mombo na Korogwe mpaka Tanga, halafu wanafuata mwambao hadi Pangani. Mgeni haendeshi. Anakaa nyuma, na dereva ndiye mwongozaji wake, ndiye mkalimani, ndiye anayejua wapi kuna chai nzuri. Bei ilikuwa imeandikwa "kwa safari".

Mjomba wangu alikuwepo barazani. Aliisoma karatasi, akavua miwani, akaniambia, "Mjomba, usiwasaidie vijana kuua watu."

Nimekaa na maneno hayo. Sikubaliani nayo yote, lakini siwezi kuyapuuza, kwa sababu mjomba hasemi kwa kukisia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya 2023 kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na karibu wawili katika kila kumi ni wa pikipiki na bajaji. Hapa kwetu hatuhitaji hata ripoti. Kila mtaa una kijana anayetembelea magongo, na kila familia imewahi kupeleka uji wodi ya mifupa.

Na anayekaa nyuma ana shida zake ambazo dereva hana. Haoni shimo linalokuja. Hana kioo cha pembeni, hana breki, hana usukani wa kushika. Dereva akifunga breki ghafla, mwili wake umekazwa tayari, ila abiria hushtukia tu uso umegonga mgongo wa mwenzake. Kwenye kona, abiria mwoga hujivuta upande wa pili wa ule pikipiki inakolalia, na kwa kufanya hivyo anamharibia dereva mizani. Akivaa begi kubwa mgongoni, uzito wote unaning'inia nyuma ya tairi la nyuma na usukani unakuwa mwepesi. Hapo sijagusa mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, wala mama aliyekaa upande na khanga inayopepea karibu na cheni.

Kuhusu helmeti, ushahidi umekaa wazi kwa miaka mingi: uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha inapunguza vifo kwa takribani asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Sasa angalia vijiwe vyetu. Ya abiria, kama ipo, imetundikwa kwenye kioo, mkanda umekatika, ndani inanuka jasho la watu kumi. Mgeni anaivaa kwa adabu tu, na kofia isiyofungwa kidevuni ndiyo inayotangulia kuruka.

Mpaka hapo mjomba ameshinda. Lakini mimi nimewahi kukaa kwenye hicho kiti cha nyuma kutoka Tanga mjini hadi Pangani, na sitaki kusema uongo kuhusu nilichokiona.

Dereva wangu alikuwa mtu mzima. Nilimwamkia shikamoo kabla sijapanda. Kabla ya kuwasha alinishika mkono, akaniwekea kiganja kwenye bega lake la kulia. "Ukitaka kusimama, nigonge hapa mara moja. Ukiona nakwenda mbio kuliko moyo wako, gonga mara mbili. Usiseme, upepo utakula maneno." Akanionyesha ekzosi ilipo, upande wa kulia, ili nisiiguse kwa shavu la mguu wakati wa kushuka. Wengi wetu tunayo hiyo alama, duara jeusi linalong'aa, na wengi tuliipata tukishuka, pikipiki imeshasimama.

Kwenye gari mwambao unauona kwa dirisha. Kwenye pikipiki unaupita kwa ngozi. Mashamba ya mkonge yana joto kavu na vumbi jekundu, mistari inafunguka na kufumba kama kurasa. Halafu barabara inateremka kidogo, hewa inageuka ubaridi wenye chumvi, na kabla hujauliza kuna nini unaiona mikoko na kijito cha maji ya bahari kinachoingia nchi kavu. Makumbi ya nazi yanayooza yana harufu yake. Moto wa kuni jikoni kwa mtu una yake. Dereva hawezi kuvifaidi hivi, macho yake yako kwenye mchanga uliomwagika barabarani. Faida ya kiti cha nyuma ndiyo hiyo: macho yako huru na mikono haina kazi.

Tongoni nikagonga bega mara moja. Magofu yapo pale, msikiti wa kale na makaburi ya Waswahili yapatayo arobaini, baadhi yakiwa na nguzo, mengi ya karne ya 15 au karibu yake. Alizima injini. Ilikuwa inapoa na kutoa mlio mdogo, tik, tik, na nyuma ya mlio huo nikasikia bahari. Tulikaa saa nzima. Hakuangalia simu hata mara moja.

Kwa nini hakuwa na haraka? Hilo ndilo swali ambalo naona mjomba na kijana wote wawili wamelipita pembeni. Wanabishana kuhusu pikipiki. Mimi naona tubishane kuhusu malipo.

Bodaboda wa mjini anaishi kwa hesabu. Jioni bosi anataka chake, au kama ni mkataba, siku zinahesabiwa mpaka chombo kiwe chake. Abiria aliyekaa nyuma akishuka mapema, nafasi imepatikana ya mwingine. Kila dakika ya foleni imekatwa kwenye unga wa watoto. Kijana huyo hakuzaliwa na kichaa cha mwendo. Tumemfundisha mwendo kwa namna tunavyomlipa. Yule mzee wa Tanga nilimlipa kwa siku. Kukimbia kusingemwongezea hata shilingi, kungemlia mafuta tu. Kwa hiyo alisimama nilipotaka kusimama, na mara mbili alisimama mwenyewe kunionyesha kitu.

Ndiyo maana neno "kwa safari" kwenye ile karatasi lilinitisha kuliko pikipiki yenyewe. Dereva aliyelipwa bei moja ya siku tano, akiweza kuzimaliza kwa tatu na nusu, amepata siku moja na nusu ya kurudi kijiweni. Umemwekea sababu ya kukimbia mfukoni mwake.

Wanaotetea safari hizi hupenda kutaja Vietnam, na mfano wenyewe ni mzuri, ila tuusome wote. Kati ya Hue na Da Nang kuna njia ya mlimani iitwayo Hai Van, kilomita 21 hivi, inayopanda hadi karibu mita 500 huku bahari ikiwa chini yako. Watalii hupanda nyuma ya madereva wenyeji na kuifurahia. Huko Da Lat pia madereva wamekuwa wakipakia wageni na mabegi yao kwa siku nyingi mfululizo tangu miaka ya 1990. Lakini Hai Van ya leo ilisaidiwa na kitu ambacho sisi hatuna. Mwaka 2005 lilifunguliwa handaki la zaidi ya kilomita 6 chini ya mlima ule, mabasi na malori mengi yakahamia huko, na pikipiki zikazuiwa kuingia. Barabara ya juu ikabaki kwa watu wasio na haraka.

Kwetu mambo yanakwenda kinyume. Njia ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo inajengwa kwa lami ili ibebe watu na mizigo. Nafurahi kwa ajili ya watu wa Pangani, wamekula vumbi vya kutosha na wamekwama masika vya kutosha. Ila lami huja na mwendo, na mwendo huja na malori. Mchanga na mashimo yaliyokuwa yanamlazimisha dereva kwenda taratibu yanaondoka, na kitakachombakiza taratibu ni hiari yake na mkataba wake. Anayepanga biashara ya miaka kumi alipime hilo leo.

Kuna kipande ambacho sina la kupima, nacho ni barabara kuu kutoka Himo hadi Segera. Hapo niko na mjomba moja kwa moja. Juni 2025, pale Sabasaba wilayani Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto, wakafariki watu zaidi ya 35. Waliokuwa ndani ya mabati hawakupona, sembuse aliyekaa nyuma ya pikipiki kwenye upepo wa Same, semi inampita na kumvuta. Hakuna uzuri wa milima ya Pare unaolipa hiyo hatari. Mgeni apande basi hadi Tanga.

Nilipomwambia kijana hivyo, alinijibu jibu zito. "Kaka, mgeni akipanda basi hadi Tanga, atapakiwa na vijana wa Tanga. Mimi wa Moshi nimeingiaje?" Akaongeza kwamba wao wataendesha peke yao hadi Tanga, mgeni atawakuta huko. Hapo nikamuuliza kama roho ya dereva ni nyepesi kuliko ya mgeni. Pikipiki tatu zinapakiwa kwenye fuso. Ni gharama, na gharama hiyo iingie kwenye bei.

Lakini swali lake la kwanza lina jibu bora zaidi, na ndilo lililonifanya niache kuwa upande wa kukataa. Mto Pangani unaanzia kwetu. Maji ya Meru na Kilimanjaro yanakusanyika Kikuletwa, mengine yanakuja na Ruvu kutoka upande wa Ziwa Jipe, yanakutana Nyumba ya Mungu, bwawa lililokamilika mwaka 1965, halafu yanateremka yakizungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani mpaka baharini. Mtu wa Pangani anayevuka kwa pantoni kwenda Bweni anavuka maji ya mlima wetu. Wageni wanaokuja Moshi hupanda mlima na wagumu wetu, yaani wabeba mizigo, wakishuka wanapaa na ndege kwenda Unguja, na hawajui kwamba mto uliotoka chini ya miguu yao unaingia baharini kwenye mji ambako Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani, alinyongwa na Wajerumani Desemba 1889. Hadithi hiyo kijana wa Moshi anaweza kuisimulia toka chemchemi hadi mlangoni mwa mto. Hiyo ndiyo bidhaa yake.

Safari basi inabadilika umbo. Siku ya kwanza chemchemi ya Chemka kwa njia ya vumbi ya Boma Ng'ombe, ya pili Nyumba ya Mungu kwa njia za ndani za upande wa Kahe, ya tatu ni basi, mbili za mwisho Tanga hadi Pangani na kusimama Tongoni kwa muda mgeni anaotaka. Pikipiki inatumika pale tu ambapo wepesi wake unafaa kitu.

Kuna la wanawake pia, na nimelisikia kwa dada zangu zaidi ya mara moja. Kumkumbatia kiuno mwanamume usiyemjua kwa siku nzima si jambo dogo, na vijiji vya Tanga vina macho na vina heshima zake. Keria imara yenye mishikio ya pembeni inamaliza nusu ya tatizo, na gharama yake fundi wa kuchomelea anaweza kuifanya ibebeke. Nusu iliyobaki ni mwenendo wa dereva, na huo lazima mwenye kampuni aujue kabla hajamkabidhi mtu.

Sheria nitaipitia haraka. Kubeba abiria kwa pikipiki kuna kanuni zake tangu 2010, lakini kumtembeza mtalii ni biashara nyingine kabisa, inahitaji leseni ya utalii, TALA, chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, na mwongozaji awe na leseni yake. Vijana watatu wa kijiwe hawataimudu kirahisi. Wengi wataishia kuwa vibarua wa kampuni yenye leseni, na tukirudi kwenye malipo ya kichwa kwa kichwa tumerudi kwenye mwendo. Serikali ilipowazuia raia wa kigeni Julai 2025 kufanya kazi ya kuongoza watalii, ilisema kazi hiyo ni ya Watanzania. Basi iwepo njia ya leseni ambayo Mtanzania mwenye pikipiki moja ya Boxer anaweza kuipita, yenye masharti magumu ya usalama na ada anayoimudu. Sasa hivi ada inamkataa kabla hata hatujamkagua breki.

Kijana alirudi juzi. Alikuwa amefuta "kwa safari" na kuandika "kwa siku", na amesogeza tarehe ya kuanza hadi Juni, masika yakiisha. Alikuja na helmeti mbili mpya za abiria. Tulizijaribu pale barazani, mjomba akashika mikanda mwenyewe na kuivuta kwa nguvu zake zote. Ya kwanza ilishika. Ya pili kifungo kilifyatuka, akamrudishia mkononi bila kusema neno, na kijana akaiwekea alama ili airudishe dukani.