Sikuwa namtega fundi bomba, nilikuwa Sherlock Holmes

Kwanza kabisa ile video mliyoiona imekatwa. Imekatwa mwanzo, imekatwa mwisho, kikabaki kipande kile mimi niko chini koridoni, shati wazi, maji yanachuruzika, natabasamu upande mmoja huku sauti ya mwanamke inasema "fungua kifungo kingine", na juu yake huyo ninayemwita rafiki kaandika "kaka yenu anamtega fundi bomba". Simtegi fundi bomba. Sijawahi kumtega fundi yeyote wa fani yoyote. Naeleza mwenyewe sasa hivi kiwiko kikiwa bado kimevimba, mkimaliza mcheke, ila mcheke kitu chenyewe.

Mnajua naandika hadithi za mashabiki za Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa kwenye vitabu vya Conan Doyle, wengine mnanifuata mpaka inbox mnadai sehemu mpya. Iliyoniponza ni ile sehemu Holmes karudi usiku kanyeshewa, yuko ndani anamsubiri Watson, rafiki yake anayekaa naye. Nainukuu hapa na aibu zangu zote:

"Aliegemea mlango, mkono mmoja ukiwa juu ya fremu, mwingine umezama mfukoni, vidole vyake virefu vikizirudisha nyuma nywele zilizolowa. Mguu wa kulia aliupitisha mbele ya wa kushoto. Nyusi moja ikapanda. Msuli wa taya ukacheza. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule upande wa hatari."

Mlilia nyie. Msijifanye hamkulia, mioyo niliihesabu. Sasa mhariri wangu, ambaye ndo huyo huyo mwenye video, akanipigia simu, hata salamu hakutoa, akauliza: "Kaka, huyu Holmes ana mikono mingapi?"

Nikamwambia miwili, kama watu wote. Akasema haya hesabu. Juu ya fremu mmoja. Mfukoni mmoja. Hivyo vidole virefu vinavyochezea nywele vimetoka kwa nani, kwa jirani?

Nikamwambia mikono inafanya kazi kwa zamu, msomaji mwenye akili anaelewa. Akasema hamna mwili wa binadamu unaoweza kukaa hivyo. Nikasema unaweza. Akasema nionyeshe.

Ngoja kwanza niwatetee waandishi wenzangu, maana kuna watu wanatucheka eti tunawapamba mashujaa kupita kiasi. Jamani, mnamjua Holmes wa kwenye kitabu? Conan Doyle alivyomleta mwaka 1887 alisema ni mrefu zaidi ya futi 6, mwembamba kupindukia, pua kama ya mwewe, na mikono haiishi madoa ya wino na makemikali. Tumbaku yake anaihifadhi kwenye ncha ya slipa. Slipa! Yaani huyo mtu ukweli ukisemwa ananuka, chumba chake kinanuka, na Watson naye lazima ananuka kwa kukaa naye. Kwetu huku ananukia mvua, ngozi, na "kitu kingine kisichoelezeka". Hicho kitu kisichoelezeka nimekiandika mpaka nimechoka na sijui ni nini mpaka leo. Macho kitabuni ni ya kijivu, tangu ile tamthilia ya runinga ya Sherlock ya 2010 macho yanabadilika rangi kila aya na mifupa ya mashavu imekuwa silaha.

Na sio sisi tulioanza. Hadithi zilivyoanza kutoka kwenye jarida la The Strand mwaka 1891, mchoraji Sidney Paget akamchora Holmes kijana mtanashati. Doyle mwenyewe alikuja kuandika kwenye kumbukumbu zake za 1924 kwamba Paget alimtumia mdogo wake kama kielelezo, na huyo mdogo mtu mzuri akachukua nafasi ya Holmes wake aliyekuwa na sura mbaya zaidi, halafu akasema pengine kwa wasomaji wa kike ilikuwa heri. Umeona? Mwenye mtu wake kaibiwa mtu wake na mchoraji, akaona isiwe tabu. Mimi nani nimrudishie Holmes ile pua? Na bado sijawagusa wale wa Snape, yule mwalimu wa kwenye Harry Potter, mtu kitabuni nywele zina mafuta, pua imepinda, meno ya njano, ukisoma walivyomwandika mashabiki nywele ni hariri na meno hayatajwi kabisa.

Ila nakubali kuna mambo tunazidisha. Shujaa akipigwa risasi ndo anazidi kupendeza, damu inatoka mstari mmoja mwembamba pembeni ya mdomo na hauchafui kola. Akilia halii na kamasi. Akikosa usingizi wiki nzima anakuwa na "kivuli cha huzuni chini ya macho", mimi nikikosa usingizi siku moja mama ananiuliza kama nimeenda hospitali.

Haya, turudi kwenye msiba wangu.

Nikaiweka simu kwenye shelfu, nimeiegemeza kopo la maziwa ya unga, video call, spika juu mwisho. Makubaliano yalikuwa yeye asome na mimi nifuate neno kwa neno. Akasema kama ni kunyeshewa basi unyeshewe kweli, usinidanganye na maji ya kunawa. Nikajimwagia ndoo bafuni nikiwa na shati jeupe na jinzi. Sasa maji ya ndoo sio mvua ya kwenye hadithi. Mvua ya kwenye hadithi inalowesha nywele na kifua basi. Ya ndoo inaingia sikioni, inaingia mfukoni, jinzi ikawa nzito na inabana. Nikatoka bafuni natembea mapaja yanasuguana, sakafu yote ikabaki njia ya maji mpaka mlangoni.

Nikaegemea mlango. Sasa kumbukeni hili: mlango wangu unafungukia nje.

Mhariri akaanza kusoma, na kwa kweli anasoma vizuri, angeenda redioni. Mkono juu ya fremu, nikaweka. Mkono mfukoni, hapo palikuwa na shughuli, jinzi imelowa, nikausukuma kidogo kidogo mpaka ukaingia wote na ulivyoingia nikajua kutoka ni kazi nyingine. Mguu mbele ya mguu. Nyusi nikapandisha mbili maana moja peke yake yangu haipandi. Msuli wa taya nikaung'ata mpaka meno yakauma. Tabasamu la upande mmoja nikalipata mara ya kwanza, sijui kwa bahati gani, nikajisemea hili siliachii.

"Bado nywele," mhariri anasema. "Lete mkono wa tatu."

Nikaanza kuvuta ule wa mfukoni. Hautoki.

Muda huo huo nikasikia mlango unagongwa, ko ko ko. Sasa huyu dada akisoma huwa anaweka na sauti, farasi anapiga makofi mapajani, radi anatikisa bati, kwa hiyo nikajua kagonga meza, maana kwenye hadithi pale ndo Watson anagonga. Na yeye, kumbe naye kajua nimegonga mimi. Akaendelea na mstari unaofuata, kwa sauti ile nzito, ya kutoka kifuani, na spika iko juu mwisho:

"Ingia. Nimekusubiri usiku kucha."

Mlango ukavutwa.

Nataka muelewe mwendo wa lile tukio, maana kwa mtu wa nje ni kufumba na kufumbua lakini mimi niliishi mle ndani muda mrefu. Kwanza bega lilikosa kitu cha kuegemea. Nikahisi upepo wa koridoni mgongoni. Nikawaza, kwa utulivu kabisa, kwamba mtu aliyeegemea mlango halafu akasema ingia, anayeingia anamwangusha, na hakuna msomaji hata mmoja kati yenu aliyeliona hilo, mlikuwa mnalia. Mkono wa juu ukateleza kwenye fremu kwa ule umajimaji. Mkono wa mfukoni ukagoma. Miguu ilikuwa imepishana kwa hiyo yenyewe kwa yenyewe ikapigana mtama. Kama kuna wakati katika maisha yangu nilihitaji mkono wa tatu ni pale, niuweke chini tu nisipige kisogo. Nikajipinda, kiwiko kikatangulia, halafu mimi wengine wote tukafuata, pwaa, kama kitenge kilichotolewa kwenye beseni.

Na tabasamu halikutoka. Niliapa siliachii, uso ukanielewa vibaya.

Nikafungua macho naona kandambili. Kandambili za bluu, ya kushoto kamba yake imefungwa waya, na kidole gumba chenye kucha iliyopasuka katikati kiko sentimita chache kutoka puani kwangu. Nikapandisha macho. Mwenye nyumba. Nyuma yake fundi bomba na spana mkononi, mdomo wazi.

Mtu aliyelelewa vizuri hata akianguka ameanguka na adabu zake. Nikasema palepale sakafuni, "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu," akajibu, nafikiri na yeye ulimtoka tu.

Ikawa kimya. Na ule ukimya ndo mhariri akaona unafaa kwa mstari unaofuata, maana huyu macho yako kwenye maandishi, haangalii skrini:

"'Umechelewa,' akanong'ona. 'Nimelowa mpaka mifupani kwa ajili yako.'"

Fundi akamwangalia mzee. Mzee akamwangalia fundi. Mimi nikawa nahangaika kuvuta mkono mfukoni nijiinue, na jamani hebu pigeni picha, mtu kalala chini kalowa shati wazi anatabasamu na mkono unahangaika mfukoni mwa suruali. Fundi akarudi nyuma hatua moja na spana akaishika kwa mikono miwili.

"Mbona kifua hakionekani?" spika ikasema. "Fungua kifungo kingine."

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Mhariri, mzee."

"Mhariri wa nini?"

Nikajibu, na sijui akili ilikuwa wapi, "Wa Holmes."

"Holmes ndo nani? Anakaa humu?" Mzee akachungulia ndani kwa juu yangu. "Mkataba una jina moja tu."

Kumbe walikuwa wanapita mlango kwa mlango wanatafuta bomba linalovuja, wa chini kalalamika dari linadondosha. Sasa fundi ndo macho yakatua kwenye sakafu yangu, akaona ile njia ya maji kutoka bafuni, akaniona mimi, akaunganisha. Akapiga kelele "LIMEPASUKA HILI!" akaniruka akakimbilia bafuni. Nikasema hapana ni ndoo, hakuna anayenisikiliza. Mzee akakimbia kwenda kufunga koki kubwa ya jengo zima. Milango ikaanza kufunguka huko juu, kuna mtu alikuwa na sabuni kichwani, majirani wakajaa koridoni kila mmoja ananiruka. Mhariri muda huo kashainua macho, kaona yote, na badala ya kukata simu akabonyeza kurekodi. Ndo maana video yenu inaanzia pale pale, kifungo alikirudia kwa makusudi, yule mwanamke ana roho.

Mengine mafupi. Maji yalirudi jioni. Uvujaji ulikuwa wa ghorofa ya juu, wala sio kwangu. Mkono ulitoka na mfuko wake, jinzi imechanika. Mzee nilimweleza habari za Holmes, akasema ni sawa, ila kama ana mpango wa kuhamia aje tuongeze jina kwenye karatasi.

Sasa huyo fundi. Juzi nimekutana naye kwenye ngazi, nikataka kurudi nilikotoka, akaniita. Kasoma. Kaisoma yote kuanzia sehemu ya kwanza. Ile mikono mitatu haikumsumbua hata kidogo. Akaniambia yeye kazi yake ni maji baridi kila siku, na hajawahi kuona mtu kalowa vile usiku akasimama dakika zote zile anatabasamu bila kupiga chafya. "Kaka weka chafya," akasema, "mbona utamu utabaki palepale?"

Nikaweka. Chafya moja, ndogo, kabla ya lile tabasamu. Tangu jana wasomaji mmenuna, mmoja kaniandikia Holmes hapigi chafya, Holmes midomo inamtetemeka kwa mbali, na kuna mwingine kauliza kamasi zimeenda wapi. Hamna kamasi. Kuna mipaka.