Beta ya Bure, Bando Langu

Jamani, kuna watu wana roho ngumu. Mtu anakuletea kitu hakijakamilika, mwenyewe anakwambia hakijakamilika, halafu anataka umshukuru kwa kuwa ni cha bure.

Nina steshenari hapa Mtwara mjini: fotokopi, kuchapa barua, maombi ya ajira, fomu za mikopo ya wanafunzi. Laptopu yangu imekula chumvi, lakini inanilisha. Tangu Windows 10 ikome kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, mpwa wangu hanipi pumzi. "Mjomba, Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, mashine yako haina. Tuhamie Linux." Nikasema haya. Linux naisikia, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Ufini. Miaka yote hiyo si itakuwa imeiva?

Imeiva, tena matoleo yaliyotulia yamejaa tele. Yeye kanichagulia beta! Toleo la majaribio, ambalo hata waliolitengeneza wanaonya usilifanyie kazi ya maana. "Ndiyo mpya kabisa, mjomba." Muuza ming'oko, vile viazi pori vyetu, pale stendi hathubutu kukupa ming'oko mibichi, akakwambia tafuna, tumbo likikukata niandikie ripoti. Hawa wa kompyuta wanathubutu.

Faili lenyewe giga tano na ushee. Nikakesha na bando la usiku, tukalipakia kwenye flashi. "Hatusakinishi, tunawashia kwenye flashi tu, diski yako haiguswi." Kweli haikuguswa. Skrini ikawaka, inapendeza, nikaanza kulainika. Natafuta waifai, haipo. Kadi yangu ya waifai inataka draiva, yaani programu ya kuiendesha, ambayo haikuwekwa kwenye flashi, na maelekezo yanasema niipakue kwenye intaneti. Sasa hiyo intaneti si ndiyo ninayoitafuta? Ikabidi tuchomeke simu kwa waya wa USB, hapo ikakubali. Bando la nani? Langu. Na beta haishibi: asubuhi inadai masasisho, jioni inadai mengine.

Yote hayo ningemeza, lakini printa!

Akaja mzee mmoja wa heshima zake, kanzu na kofia, anataka achapiwe barua ya posa ya mwanawe. Nikaipanga vizuri, salamu ndefu, majina ya wazee pande zote mbili. Nikabonyeza. Printa ikatoa karatasi imeandikwa juu kabisa %!PS-Adobe-3.0, chini yake mabano, mikwaju na namba. Ikatoa ya pili. Ya tatu. Haizimiki, inakula rimu yangu tu. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa utulivu, akaniuliza, "Mwanangu, wakwe wakiletewa hii, mke tutapewa?"

Mpwa akaanza somo: ati beta imepeleka ukurasa kwa lugha ya PostScript, printa yangu haiijui lugha hiyo, basi inaandika maneno kama ilivyoyapokea. Mzee akaitikia kwa kichwa, sijui kaelewa nini.

Tuko katika somo hilo, umeme ukakatika. (Gesi inachimbwa Msimbati hapo, inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam, sisi tulioko jirani na kisima tunawasha tochi za simu. Hilo liacheni, nikilianza hatulali.) Betri ya laptopu ilishakufa, kwa hiyo kila kitu kikazima. Umeme uliporudi, barua hakuna. Kumbe ukiwashia kwenye flashi namna ile, unachoandika kinakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na RAM ikikosa umeme haibakizi kitu. Mpwa alilijua hilo fika. "Nilidhani unajua, mjomba." Mzee akaomba kalamu na karatasi, akaandika posa yake kwa mkono, akalipia karatasi tu.

Mpwa akasisitiza tuwaandikie wenye beta, ndiyo adabu ya majaribio. Tukaandika kwa Kiingereza, hatua kwa hatua. Jibu likaja la kistaarabu: ahsanteni kwa mchango wenu, kwenye mashine zetu tatizo halitokei, tafadhali tumeni faili la logi la siku ile, lile ambamo kompyuta huandika yaliyotokea.

Faili la logi! Si nalo lilikuwa humohumo kwenye RAM?

Sasa mpwa anataka turudie kila kitu ili kosa lijitokeze tena, na barua ya posa iwemo. Nimemwambia sawa, ila safari hii tunachapa posa yake yeye, na bando aje nalo.