Kila mfanyakazi na kikokotoo chake

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiguse hapo mwanangu, vinazaana."

Ilikuwa siku ya mishahara, nimeitwa kutazama kompyuta kwenye ofisi moja ya mizigo hapa Dar, na Mama Mhasibu alikuwa ameisukuma kibodi mpaka ukingoni mwa meza. Skrini imejaa vikokotoo. Cha kwanza kinasoma 620000, cha pili 475000, cha tatu 1900000, vingine vimefunikana hata huvioni. Jedwali la LibreOffice, ambako mishahara hiyo ilitakiwa iende, lilikuwa na namba moja tu, nayo haijakubaliwa: kishale bado kinawakawaka ndani ya kisanduku.

Kumbe alipoona cha kwanza kimefunguka alipiga ukelele, "Jamani, kikokotoo!" Nchi hii, tangu ule mzozo wa kikokotoo cha mafao ya kustaafu mwaka 2018, neno hilo halitamkwi kwa sauti mbele ya wafanyakazi. Mlinzi alikuja mbio kuuliza mafao yamefanywa nini tena. Dereva alikuja nyuma yake, hakuuliza kitu, akasimama mlangoni anasoma.

"Kumbe afisa utumishi anakula milioni moja na laki tisa," alisema taratibu.

Nikamgeuzia skrini ukutani.

Mama alinionyesha tatizo kwa kidole, bila kugusa: Enter ya kulia kabisa, ile iliyo pamoja na namba. Akiandika mshahara na kubonyeza hiyo, Enter haifiki kwenye jedwali. Badala yake kinafunguka kikokotoo, kinakaa mbele, na mshahara unaofuata unaingia humo. Enter tena, kikokotoo kingine. Enter kubwa ya katikati haina neno lolote. Kuna wakati alipandwa na hasira akakandamiza ile ya kulia asiiachie, na hapo ndipo vilipozaana kweli: kwa mipangilio ya kawaida ya Xorg (seva ya X, programu inayosimamia skrini na kibodi kwenye Linux), kitufe kikishikiliwa kwa milisekunde 660 kinaanza kujirudia mara 25 kwa sekunde, na programu iliyokidaka inapokea kila mrudio kama mbonyezo mpya.

Nilifungua xev, kile kidirisha kinachotaja kila kitufe unachobonyeza. Enter kubwa: namba 36, safi. Enter ya kulia: hakuna KeyPress (taarifa ya mbonyezo) hata moja, ila FocusOut yenye NotifyGrab, yaani dirisha limenyang'anywa kibodi. Maana yake kuna programu imeshajiandikisha kwenye seva ya X, juu ya dirisha la msingi (root) lililo nyuma ya mengine yote, kwamba kitufe hicho kikibonyezwa kiletwe kwake kwanza, dirisha lililo mbele lisikione kabisa. Kuijua ni ipi, nikaandika `xdotool key XF86LogGrabInfo`, amri ya kuiomba seva iorodheshe waliodaka vitufe, kisha nikasoma mwisho wa kumbukumbu zake, faili la Xorg.0.log. Pale seva inawataja wadakaji wote kwa namba ya mchakato na jina la amri. Jina likawa `hesabu`.

"Hesabu ni ya nani?"

Kijana wa mafunzo kwa vitendo akainua mkono, anatabasamu. "Yangu kaka. Nilimtengenezea mama mkato, Super (kile kitufe chenye nembo ya Windows) na H, afungue kikokotoo haraka. Ila ulikataa kufanya kazi, nikauacha tu."

Ulikataa! Nikamwambia alete msimbo wa programu yake. Mstari wenyewe huu:

`XGrabKey(d, XK_h, AnyModifier, root, True, GrabModeAsync, GrabModeAsync);`

XGrabKey, amri ya kudaka kitufe, haitaki herufi, inataka namba ya kitufe. XK_h ni jina la herufi, na thamani yake ni 104. Kitufe cha H kwenye mashine ile ni namba 43. Namba 104 ni nani? Enter ya kulia, kipenzi cha wahasibu wote duniani. Kompaila haikunung'unika kwa sababu zote mbili ni namba nzima, na kwake namba ni namba.

Halafu ile AnyModifier, sehemu ya kutaja vitufe saidizi, yaani Super, Shift, Ctrl na wenzao. Kijana alikuwa amesikia, na ni kweli, kwamba NumLock ikiwaka mkato haushiki: X inalinganisha vitufe saidizi vyote kwa usawa kamili, na NumLock nayo huhesabiwa, kwa kawaida kama Mod2. Dawa aliyochagua ndiyo kali. AnyModifier haimaanishi "Super, pamoja na chochote kile". Inamaanisha chochote, hata bila Super.

Niliandika `pkill -x hesabu` kwenye kituo cha amri. Kabla sijamaliza, mama akanyoosha mkono, "Ngoja nikusaidie mwanangu," akabonyeza Enter. Ya kulia. Kikatoka kimoja cha kuagia.

Nikatumia ya katikati. Mdakaji akifa, seva yenyewe inaachia vitufe vyake vyote, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuwasha mashine upya. Kijana akarekebisha pale pale: `XKeysymToKeycode(d, XK_h)` badala ya XK_h, na XGrabKey mara nne: Mod4Mask (ndiyo Super) peke yake, pamoja na Mod2Mask ya NumLock, pamoja na LockMask ya CapsLock, na zote tatu pamoja. Nikamwongezea kushika kosa la BadAccess, maana programu nyingine ikiwa imeshawahi mseto huo huo, Xlib, maktaba yenye hiyo XGrabKey, isipoambiwa la kufanya huizima programu yako papo hapo. Kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, asingefika hata huko, kule mkato wa namna hii unaombwa, haudakwi.

Tukajaribu. Super na H: kikokotoo kimoja, NumLock inawaka. Enter ya kulia: mshahara umetua kwenye jedwali. Kijana akamgeukia mama, anasubiri pongezi.

Mama akafungua droo, akatoa Casio yake iliyofutika namba 5 kwa kubonyezwa.

"Mwanangu," alimwambia, "na nani alikutuma?"