Shemeji, bastola sio ya kuonyeshana

Jamani safari ya Disemba kwenda Moshi ukoo mzima kwenye Noah moja ni mtihani tosha, sasa ongeza na bastola. Leseni ninayo, ile sheria ya silaha ya 2015 naifuata, na wala kinachonichosha sio trafiki, afande ukimwambia mapema kwa heshima kwamba una silaha na karatasi hizi hapa, anakagua mnaachana. Shida ndugu! Hata Chalinze hatujafika shemeji kashaanza, "bro niishike kidogo tu nipige selfi". Uishike ya nini? Leseni ina jina langu, sio la ukoo.

Segera wote wanashuka kula, mi siwezi kuiacha kwenye gari na watoto wamelala humo, basi natembea nayo mpaka chooni, shati nimelichomoa liifunike, joto lile, halafu mama mkwe anauliza kwa sauti mbele ya wauza machungwa, "baba Neema, bunduki umeiweka wapi?" Watu wote shingo zimegeuka.

Na shemeji huyo huyo, tumepata pancha usiku kabla ya Same, giza totoro, ananinong'oneza eti "lakini unayo hapo, si ndio?"